Kwa Nini Hawakungoja: Uhakiki wa Urithi wa Mapambano Bila Mabavu ya Weusi wa Marekani

Utangulizi

Harakati za umma zinaposhinda, hata kama ni ushindi wa nusu, vita vya pili huanza papo hapo. Ni vita vya kuamua nani atausimulia ushindi huo, na kwa faida ya nani. Walioshindwa katika uwanja wa mapambano hujaribu kushinda katika uwanja wa historia. Kwa kuwa hawawezi tena kuwatukana mashujaa wa umma bila kujifichua, huwasifu. Huwajengea sanamu na kuwatengea sikukuu, kisha huchagua maneno yao machache yaliyo mepesi na kuyatumia kuwatuliza watu wale wale ambao mashujaa hao waliwaamsha.

Jambo hili limempata Martin Luther King. Agosti 1966, kura ya maoni ya shirika la Gallup ilionyesha kuwa Wamarekani 63 katika kila 100 walikuwa na maoni mabaya juu yake. Novemba 1983 Rais Ronald Reagan, ambaye mwanzoni hakuiunga mkono hoja hiyo, alitia saini sheria ya kuifanya siku ya kuzaliwa kwa King kuwa sikukuu ya taifa, na sikukuu ya kwanza ikaadhimishwa Januari 1986. Katika miaka hiyo 20 hali ya makabwela wa Marekani haikubadilika kwa kiasi cha kuweza kueleza mapenzi hayo mapya. Kilichobadilika ni picha ya King. King wa sikukuu ni mtu mpole aliyesimulia ndoto yake siku moja mjini Washington, taifa likaguswa moyoni, na ubaguzi ukaondoka.

Katika makala hii tunakusudia kuihakiki picha hiyo kwa kutumia maandishi ya King mwenyewe, hasa kitabu chake Why We Can't Wait, yaani Kwa Nini Hatuwezi Kungoja, kilichochapishwa mwaka 1964. Hoja yetu ni hii: mapambano bila mabavu hayakuwa subira wala unyenyekevu. Yalikuwa shinikizo lililopangwa, lenye shabaha, nidhamu na gharama. Urithi wake wa kudumu umo katika ufundi wa kuwapanga watu wa kawaida wafanye kazi ya siasa kwa muda mrefu. Mahali ambapo ufundi huo umetunzwa, ushindi umelindwa. Mahali ambapo imebaki sikukuu peke yake, ushindi umeanza kuporwa.

Kitabu na wakati wake

Kitabu kinaeleza mapambano ya Birmingham, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Alabama, mwaka 1963. Ulikuwa mwaka wa 100 tangu Rais Lincoln atangaze kuwaacha huru watumwa katika majimbo yaliyoasi. Karne nzima ilikuwa imepita, na Mweusi wa Birmingham alikuwa bado haruhusiwi kuketi kwenye kaunta ya chakula katika duka lile lile ambalo lilipokea fedha zake kwa furaha kwenye kaunta ya nguo. Usalama wa mji ulikuwa mikononi mwa kamishna Eugene Connor, aliyejulikana kwa jina la Bull, na nyumba za Weusi waliothubutu kudai haki zilikuwa zimelipuliwa kwa mabomu mara nyingi kiasi kwamba mji ulipewa jina la utani kutokana na mabomu hayo.

Mapambano yalianza Aprili 3. Aprili 12, siku ya Ijumaa Kuu, King alikamatwa. Akiwa kizuizini aliandika barua yake mashuhuri, ya tarehe 16 Aprili, akiwajibu viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliokuwa wamewashauri Weusi wa mji ule wasiwe na haraka. Barua hiyo imo ndani ya kitabu na ndiyo kiini chake. Mei 2 wanafunzi zaidi ya 1,000 walitoka kanisani kwa makundi na kuandamana. Siku iliyofuata Connor aliwaachilia mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Mei 10 wafanyabiashara wa mji walikubali makubaliano.

Picha hizo zilifika hata Addis Ababa, ambako wakuu wa nchi huru za Afrika walikuwa wamekusanyika mwezi huo huo kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Milton Obote, Waziri Mkuu wa Uganda, alimwandikia Rais Kennedy barua ya wazi ya Mei 23 akilaani yaliyotendeka Birmingham, na mkutano wenyewe ukapitisha azimio lililogusa ubaguzi wa rangi nchini Marekani. Serikali ya Marekani, iliyokuwa ikishindana na Urusi kuwania urafiki wa mataifa mapya, iliyapima maneno hayo kwa makini. Juni 11 Kennedy alilihutubia taifa na kuahidi sheria. Sheria hiyo ya haki za raia ilitiwa saini Julai 2, 1964, na Rais Johnson.

Shinikizo, si ombi

Nguvu ya kwanza ya kitabu hiki ni uwazi wake kuhusu fedha. King haandiki kama mtu anayengoja dhamiri ya mtawala iamke yenyewe. Anaeleza kuwa Weusi wa Birmingham hawakuwa na kura za kutosha kuwaondoa watawala madarakani, lakini walikuwa na uwezo wa kununua, na kwa maduka makubwa ya katikati ya mji fedha zao zilikuwa tofauti kati ya faida na hasara. Kwa hiyo shabaha ilikuwa duka, na wakati uliochaguliwa ulikuwa majuma ya kabla ya Pasaka, ambapo watu hununua nguo mpya. Tena mapambano yalicheleweshwa kwa makusudi mpaka uchaguzi wa meya upite, ili Connor, aliyekuwa mgombea, asipate kuyatumia kujinufaisha.

King pia anajikosoa kuhusu Albany, mji wa jimbo la Georgia, ambako mapambano ya 1961 na 1962 yalishindwa. Anakiri kuwa huko walishambulia ubaguzi wote kwa jumla badala ya kuchagua sehemu moja dhahiri, na kwa hiyo hawakuondoka na kitu cha kushika mkononi. Hapa tunamwona kiongozi anayefanya uchambuzi wa hali halisi, akiuliza: adui yetu anategemea nini, na sisi tunashika nini katika hicho anachokitegemea?

Swali hilo ndilo lililokuwa limeshinda Montgomery miaka saba kabla. Rosa Parks alikamatwa Desemba 1, 1955, kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi. Husimuliwa kama mshonaji aliyechoka miguu. Kwa kweli alikuwa katibu wa tawi la chama cha NAACP, na miezi michache kabla alikuwa amehudhuria mafunzo ya harakati katika chuo cha Highlander, Tennessee. Usiku wa kukamatwa kwake, Jo Ann Robinson na wenzake wa Baraza la Siasa la Wanawake walichapisha makumi ya maelfu ya vikaratasi vya kuwataka watu wasusie mabasi. E. D. Nixon, mtu wa chama cha wafanyakazi Weusi wa reli, alianza kuwapigia simu wachungaji. King, kijana wa miaka 26, alichaguliwa kuwa mwenyekiti baadaye. Robo tatu hivi ya abiria wa mabasi walikuwa Weusi. Waliyasusia mabasi kwa siku 381, wakitembea kwa miguu au kupanda magari ya kuchangiana yapatayo 300 yaliyokuwa na vituo na ratiba zake. Kampuni ya mabasi ilijua hasara kabla mahakama haijatamka haki.

Nidhamu ya kazi

Nguvu ya pili ya kitabu ni maelezo yake juu ya maandalizi. Kila aliyejitolea Birmingham alitakiwa kutia saini kadi ya ahadi yenye masharti kumi. Miongoni mwake yalikuwamo kujizuia na ukatili wa ngumi, wa ulimi na wa moyo, na kuyatii maagizo ya harakati na ya kiongozi wa kundi. Waliokuwa na silaha walitakiwa kuzikabidhi. Kadi hiyo iliwauliza pia wale wasioweza kwenda jela wangefanya kazi gani: kutumwa, kuendesha gari, kuwapikia wenzao, kupiga chapa, kupokea simu, kugawa vikaratasi.

Tunawaomba wasomaji waitazame kadi hiyo kwa makini kuliko hotuba yoyote ya King. Hotuba humfanya mtu kuwa msikilizaji, lakini kadi ilimfanya kuwa mtendaji mwenye kazi maalumu. Mama mzee asiyeweza kukimbia mbwa alipata nafasi jikoni, na nafasi hiyo ilihesabiwa kuwa ni mapambano. Fedha za dhamana zilichangishwa mapema, kwa sababu ni ukatili kuwapeleka watu jela bila kujua watatokaje.

Mazoezi ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha fanyika Nashville, ambako kuanzia 1958 James Lawson aliwafundisha vijana kwa kuigiza. Baadhi walijifanya wabaguzi, wakawatukana wenzao na kuwasukuma kutoka vitini. Wengine walijifunza kuketi bila kujibu, na kuukinga mwili wa mwenzao anayepigwa. Kwa hiyo wanafunzi wanne wa Greensboro walipoketi kwenye kaunta ya duka la Woolworth, Februari 1, 1960, na moto huo ukaenea, Nashville haikukurupuka. Vijana walikuwa tayari. Nani atasema kuwa huo ni unyonge? Askari anayejizuia kwa amri huitwa hodari; kijana aliyejizuia kwa hiari, akimwagiwa chakula kichwani, astahili jina gani?

Upungufu wa kitabu

Hata hivyo hatuwezi kukikubali kitabu chote. Kwetu sisi kina upungufu wa aina tatu.

(a) Kitabu kinakwenda haraka mno juu ya miaka ya giza. King anamsifu Fred Shuttlesworth, mchungaji wa Birmingham, kwa haki. Lakini msomaji asiye mwangalifu atadhani kuwa kazi ilianza King alipowasili. Shuttlesworth na wenzake waliunda chama chao mwaka 1956, baada ya jimbo la Alabama kuipiga marufuku NAACP. Nyumba yake ililipuliwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Mwaka 1957 alipigwa kwa minyororo alipojaribu kuwaandikisha watoto wake katika shule ya Wazungu. Miaka saba ya mikutano ya kila juma ndiyo iliyolima shamba ambalo mwaka 1963 lilivunwa mbele ya kamera.

(b) Kitabu kinaipa njia ya kutotumia mabavu sifa ya karibu muujiza, kana kwamba ina nguvu ndani yake yenyewe popote itumikapo. Albany inakanusha. Huko mkuu wa polisi Laurie Pritchett aliisoma mbinu hiyo, akawaamuru askari wake wasipige watu hadharani, na akawatawanya wafungwa katika jela za wilaya jirani ili jela yake isijae. Hakukuwa na picha, na serikali kuu haikusukumwa. Birmingham ilifaulu pia kwa sababu ya upumbavu wa Connor na kwa sababu ya ukinzani uliokuwapo kati ya serikali ya jimbo, iliyolinda ubaguzi, na serikali kuu, iliyoogopa aibu. Mbinu iliyoingia katika ufa huo ilipasua. Bila ufa isingepasua kwa urahisi.

(c) Kitabu hakiwapi nafasi ya kutosha wale waliobaki vijijini baada ya waandishi wa habari kuondoka. Katika mashamba ya Mississippi na Louisiana, wenyeji wengi waliowalaza vijana wa harakati walikesha na bunduki za kuwindia mlangoni. Mwaka 1964 wafanyakazi wa Jonesboro, Louisiana, waliunda kikundi cha Deacons for Defense ili kuwalinda waandamanaji usiku. King mwenyewe, nyumba yake ilipolipuliwa Januari 30, 1956, aliomba kibali cha bunduki akanyimwa. Hatusemi haya ili kumfedhehesha. Tunasema ili kijana wa leo ajue kuwa watu hao walikuwa wanaadamu waliokuwa wakijifunza njia yao huku wakiitembea.

Suala la watoto pia haliepukiki. Kitabu kinaeleza kuwa kufikia kilele cha mapambano waandamanaji 2,500 walikuwamo jela kwa wakati mmoja, wengi wao vijana, na kinautetea uamuzi huo kwa kusema watoto hao walikuwa wakiupigania wakati wao ujao. Sisi tunaona kuwa utetezi huo una ukweli, kwa maana ubaguzi haukumngoja mtoto akue ndipo umuumize. Lakini kiongozi anayewaita watoto wa wengine barabarani amebeba deni ambalo ushindi peke yake haulipi. Septemba 15, 1963, miezi minne baada ya makubaliano, bomu liliwaua wasichana wanne ndani ya kanisa la 16th Street, lile lile ambalo watoto walikuwa wametoka kuandamana. Wanaoyasifu mapambano haya kuwa hayakumwaga damu wasisahau kuwa damu ilimwagika, nayo ilikuwa ya upande mmoja.

Njia au imani?

Hapa tunafikia swali ambalo limewagawanya wanaharakati wengi: je, kutotumia mabavu ni imani isiyobadilika au ni njia inayochaguliwa kwa kupima mazingira? Kwa King ilikuwa imani. Kwa wengi waliomfuata ilikuwa njia. Vijana wa kamati ya wanafunzi ya SNCC, iliyoundwa Aprili 1960 chini ya malezi ya Ella Baker, walibishana juu yake tangu siku ya kwanza. Walikubaliana kuitumia kabla hawajakubaliana kuiamini, na kwa muda hilo lilitosha.

Afrika Kusini inatusaidia kujibu. Mwaka 1952, kabla ya Montgomery, watu zaidi ya 8,000 walijitoa wakamatwe katika kampeni ya kuzivunja sheria za kibaguzi. Gandhi mwenyewe alikuwa ameijaribu njia yake katika nchi hiyo hiyo mwanzoni mwa karne. Machi 21, 1960, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Sharpeville na kuwaua 69. Hakukuwa na serikali ya juu zaidi ya kuikimbilia, wala katiba iliyomtambua Mwafrika kuwa raia. Vyama vilipigwa marufuku, na mwishoni mwa 1961 ANC ilishika silaha. Ndiyo maana nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, katika Tamko la Lusaka la 1969, zilieleza kuwa zinapendelea mazungumzo, lakini pale ambapo mlango wa mazungumzo umefungwa hazitawaacha peke yao wanaopigana. Waliokuwa wakimsifu King ili kumlaani mpigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa wakilinganisha nyumba yenye mlango na nyumba isiyo nao.

Kwa maana hiyo hatuoni sababu ya kuchagua kati ya kuiabudu njia hii na kuidharau. Mahali penye ufa wa kuingilia, na penye umma uliopangwa, imeleta mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo ya maisha kuliko vita. Hilo si jambo dogo, na kada anayezungumza juu ya damu kwa wepesi hajawahi kuzika.

Kiti na mkate

Upungufu mkubwa kuliko yote King aliuona mwenyewe. Hata katika kitabu cha 1964 sura ya mwisho inadai mpango wa taifa wa kuwafidia walionyimwa haki, ukiwahusisha pia Wazungu maskini. Na yale maandamano ya Washington ya Agosti 28, 1963, yanayokumbukwa kwa sababu ya ndoto, yaliitwa maandamano ya kudai kazi na uhuru. Waliyoyapanga walikuwa A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, na Bayard Rustin, na miongoni mwa madai yake kilikuwamo kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Ndoto imehifadhiwa, dola 2 zimesahauliwa.

Mwaka 1967 King alitoa kitabu kingine, Where Do We Go from Here, kinachouliza: tuelekee wapi sasa? Kinapaswa kusomwa pamoja na kile cha kwanza, na kwa maoni yetu ndicho kilichokomaa zaidi. Humo anakiri kuwa ushindi wa awali ulikuwa wa bei rahisi kwa taifa. Kumruhusu Mweusi aketi kwenye kaunta hakukumgharimu tajiri kitu. Kumpa kazi, nyumba na shule kunagharimu. Anadai kipato cha uhakika kwa kila mtu. Aprili 4 ya mwaka huo alikuwa amesimama katika kanisa la Riverside, New York, akailaani vita ya Vietnam, na magazeti makubwa yaliyokuwa yakimsifu yakamgeuka.

Tofauti ya vitabu hivi viwili ni uzoefu wa miaka mitatu. Watts, mtaa wa Los Angeles, ulilipuka Agosti 1965, siku chache baada ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, na watu 34 wakafa. Chicago, mwaka 1966, King aliongoza maandamano dhidi ya ubaguzi wa nyumba na kupigwa jiwe. Huko kaskazini hapakuwa na kibao cha kumkataza Mweusi kuingia. Palikuwa na kodi, mshahara na benki. Kaunta ya chakula iliweza kususiwa, lakini umaskini wenyewe ungesusiwaje?

Jibu lake la mwisho lilikuwa Memphis. Februari 1, 1968, wazoa taka wawili walisagwa na mashine ya gari lao. Februari 12 wenzao 1,300 waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe na mshahara uongezwe, huku wamebeba mabango ya kutangaza kuwa wao ni watu. King alikwenda kuwaunga mkono, na huko akauawa Aprili 4. Mgomo ulishinda Aprili 16. King wa sikukuu alifia ndoto. King wa historia alifia mgomo wa wafanyakazi wa manispaa.

Urithi uko wapi?

Urithi wa kwanza ni sheria, na haifai kuzibeza. Katika Mississippi, Weusi walioandikishwa kupiga kura walikuwa chini ya 7 katika kila 100 kabla ya sheria ya 1965. Kufikia 1967 walikuwa karibu 60. Nyuma ya takwimu hiyo wapo watu kama Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, aliyefukuzwa shambani mwaka 1962 siku ile ile alipojaribu kujiandikisha, na badala ya kunyamaza akawa mwandikishaji wa wengine. Wapo pia watu wapatao 17,000 waliokwenda kujiandikisha katika kampeni ya mwaka 1964, wakakubaliwa 1,600 tu, lakini kukataliwa kwao kukawa ushahidi mbele ya taifa.

Lakini sheria ni akiba, na akiba isiyolindwa huibwa. Juni 25, 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta kipengele kilichoyataja majimbo yenye historia ya ubaguzi, ambayo yalilazimika kupata kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Siku hiyo hiyo jimbo la Texas lilitangaza kuanza kuitekeleza sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura iliyokuwa imezuiwa. Uchumi nao unasema yake. Utafiti wa Benki Kuu ya Marekani wa 2019 ulionyesha kuwa familia ya kati ya Wazungu ilikuwa na mali ya dola 188,200, na ile ya Weusi dola 24,100.

Mwaka 2020, baada ya polisi wa Minneapolis kumwua George Floyd Mei 25, mamilioni ya watu waliandamana, idadi ambayo Montgomery isingeweza kuiota. Muswada wa kurekebisha polisi uliopewa jina lake ulipita katika Baraza la Wawakilishi mara mbili na kukwama katika Seneti. Hatuwalaumu vijana hao, waliusimamisha ulimwengu. Tunasema tu kwamba umati ni kitu kimoja na utaratibu ni kitu kingine. Umati hupimwa kwa saa. Montgomery ilipimwa kwa siku 381, na kila siku mtu fulani alijua gari lipi litampeleka nani kazini.

Urithi wa pili, kwa hiyo, ni utaratibu huo, na mrithi wake mmoja aliishi kati yetu. Bob Moses, mwalimu wa hesabu kutoka Harlem, alikwenda Mississippi na kupigwa mwaka 1961 kwa kuwasindikiza wakulima kujiandikisha. Aliongoza kampeni ya 1964, pamoja na shule za uhuru zipatazo 40. Mwaka 1969 alihamia Tanzania, akafundisha hesabu Same, mkoani Kilimanjaro, mpaka 1976. Aliporudi kwao alianzisha mwaka 1982 mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini, kwa hoja kwamba asiyejua hesabu katika uchumi wa sasa ananyimwa uraia kama vile asiyeweza kupiga kura alivyonyimwa zamani. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki Julai 2021. Hakuna sanamu inayoweza kueleza mapambano bila mabavu kuliko miaka hiyo ya chaki.

Hitimisho

Ndugu makada na wanafunzi, tumekihakiki kitabu hiki kwa sababu jina lake linatumiwa kinyume chake. Aliyeandika kuwa hawawezi kungoja ananukuliwa leo kila mahali kuwaambia wanyonge wangoje. Katika barua yake ya kizuizini lawama nzito hazikumwendea mbaguzi mwenye fimbo. Zilimwendea mtu wa wastani anayekubali madai na kukataa njia zote za kuyadai, anayependa utulivu kuliko haki. Kila mmoja wetu mwenye dhamana, mahali popote, anapaswa kuisoma barua hiyo akijiuliza anasimama upande gani wa meza wananchi wanapomletea malalamiko. Ni rahisi kumsifu King aliyemkera Connor. Mtihani ni kumsikiliza anayetukera sisi.

Tujifunze pia kadi ya Birmingham. Tunapohesabu mafanikio kwa wingi wa waliohudhuria mkutano, tunahesabu wasikilizaji. Swali la kadi lilikuwa jingine: wewe utafanya nini, kuanzia lini, chini ya uongozi wa nani? Ella Baker alifundisha kuwa watu wenye nguvu hawahitaji viongozi wenye nguvu kupita kiasi. Tunadhani alikuwa sahihi, na tunadhani ndiyo sababu sikukuu nyingi hazimtaji.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kikikosa mlinzi, kuku hukimaliza asubuhi moja.